Gogo Kwanza, Kinyago Baadaye

Kipande cha mpingo chenye ukubwa wa kiganja kinadondoshwa kwenye ndoo ya maji. Kinazama papo hapo, na mlio wa kugonga chini unasikika. Mkono unaingia, unakitoa, kisha unadondosha kipande cha mti mwingine kilichopakwa rangi nyeusi. Hicho kinaelea.

Hakuna muziki wala maneno, na video imekwisha.

Kwenye ukurasa huohuo wa mchongaji wa Mtwara kuna picha za vinyago vilivyokamilika, kazi za wiki na miezi, ambazo karibu hakuna aliyezigusa. Iliyosambaa ni video ya ndoo. Na zile picha za vinyago, zikiwa zimekatwa jina lake, zinaonekana kwenye ukurasa wa duka moja la mjini lenye wafuasi wengi kumzidi.

Jambo hili limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Inakuwaje aliyechonga azidiwe na aliyenunua? Jibu la haraka ni kwamba duka lina hela ya matangazo, na hilo lina ukweli wake. Lakini halielezi ile ndoo.

## Duka halina gogo

Mtu anayepitisha picha ya kinyago kilichokamilika kwa kidole gumba hawezi kujua kama aliyeiposti ni mchongaji, dalali au mpita njia. Picha zote zinafanana: kinyago, ukuta, na maneno "bei njoo dm". Kwenye mashindano ya namna hiyo mwenye duka atashinda tu, kwa sababu ana kazi za wachongaji wengi na anaweza kuposti kila siku, wakati mchongaji mmoja huweza kumaliza mwezi mzima juu ya gogo moja.

Ila hilo gogo hakuna mtu mwingine aliye nalo.

Duka halina ile dakika ambayo tezo inaondoa sehemu ya nje iliyo nyeupe kuelekea njano na weusi unatokea chini yake. Halina pia ule ufa uliojitokeza katikati ya kazi na kumlazimu fundi abadilishe mkao wa mkono mzima wa kinyago. Anayetaka kuyaona hayo itabidi amfuate mchongaji mwenyewe, tena arudi kesho, maana kazi haijaisha. Mtu hubonyeza kitufe cha kufuata pale anapotarajia kitu kinachokuja. Kilichokwisha hukipa laiki akaendelea na safari yake.

Msanii wa kusini amezoea kuambiwa aende Dar. George Lilanga, mchongaji na mchoraji aliyezaliwa huku kusini mwaka 1934, alijulikana duniani baada ya kuhamia Dar es Salaam na kufanya kazi Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii. Harmonize ni mzaliwa wa Mtwara, na jina naye alilipatia Dar. Kwa mwanamuziki sababu bado zipo: studio, redio, mameneja. Kwa mchongaji hesabu imegeuka. Mpingo unaota huku, Kilwa, Liwale, Nachingwea, na wazee wanaojua kuusoma mti kabla ya kuukata wako huku. Anayehama anaacha nyuma kile ambacho kingewafanya watu wamfuate.

## Kupiga picha kitu cheusi

Hapa ndipo kazi nyingi nzuri hufia.

Simu hukadiria mwanga kwa kudhani kila inachokiona kina mng'ao wa wastani. Mpingo ukiijaza fremu, simu inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, na kinyago kinatoka cha kijivu kana kwamba kimelala vumbini. Ukikisimamisha mbele ya ukuta mweupe, simu inapunguza mwanga kwa ajili ya ukuta, na kinyago kinabaki kivuli kisicho na macho wala mdomo.

Tafuta kwanza kitu cha rangi ya kati cha kuweka nyuma. Gunia la korosho linafaa kuliko kitambaa chochote cha dukani. Mkeka usiotiwa rangi au ukuta wa udongo pia vinafaa. Gusa uso wa kinyago kwenye kioo cha simu, shikilia kidole mpaka mwanga ujifunge, kisha telezesha alama ya jua chini kidogo kidogo mpaka weusi urudi kuwa mweusi.

Halafu saa. Adhuhuri jua la pwani liko utosini; linaacha madoa meupe kwenye paji la uso wa kinyago na kuyaziba macho kwa kivuli. Kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, au kuanzia saa kumi na nusu jioni, mwanga unatoka ubavuni na kila alama ya patasi inasomeka. Kama ni lazima iwe mchana, tumia mlango wa nyumba: kinyago kikae ndani, hatua moja kutoka kizingitini, taa zote zizimwe, nawe simama pembeni ili mwanga wa mlango ukipite kwa ubavu.

Kuna moja ambalo wengi hawalijui. Kitu cheusi kinachong'aa huonekana kwa kile kinachojiakisi juu yake, kuliko kwa mwanga unaokipiga. Simamisha shuka jeupe au boksi jeupe upande wa kinyago, kama sentimita 30 hivi, nje ya fremu. Papo hapo mstari mwembamba mweupe unatokea kwenye shavu, begani na mgongoni, na umbo linajitenga na lililo nyuma yake. Ukilisogeza shuka karibu, mstari unapanuka, ukiliinamisha, unahama. Shuka hilo litakupa tofauti kubwa kuliko kubadilisha simu.

Futa lenzi kila mara, maana jasho na vumbi la msasa hutengeneza ukungu. Usipige picha mara tu baada ya kupaka kiwi. Subiri, sugua kwa kitambaa kikavu, la sivyo kuna mahali patang'aa na mahali patafifia. Picha za kutosha ni mbele, ubavu, mgongo, chini panapoandikwa jina, na moja ambayo mkono umekishika ili ukubwa ueleweke. Zikate kwa uwiano wa 4:5, yaani 1080 kwa 1350, zichukue nafasi kubwa kwenye kioo.

## Gogo moja, video sita

Njia ninayoiamini ni kuliongoza gogo moja kuanzia mwanzo hadi mwisho mbele ya watu. Video sita zinatosha, kila moja sekunde 20 hadi 40.

Ya kwanza ni gogo lenyewe: urefu kwa sentimita, uzito kwa kilo, limetoka kijiji gani. Ya pili ni ule weusi unaotokea chini ya tezo, na hii mara nyingi ndiyo inayoleta wageni. Kisha patasi inapoufungua uso. Uso uwe na video yake peke yake, kwa sababu mtazamaji hungoja macho. Baadaye kazi ya tupa na msasa, kuanzia mkwaruzo mkubwa wa namba 80 kupanda 120, 240 hadi 400. Onyesha bega moja likiwa limepitiwa na jingine bado, jicho lilinganishe lenyewe. Mwisho kabisa, kazi iliyokamilika ikigeuzwa polepole kwenye mwanga wa ubavuni.

Simu isimame wima na itulie. Huhitaji stendi ya bei: kopo la rangi lililojazwa mchanga na kijiti kilichopasuliwa kichwani hushika simu vizuri. Iweke pembeni, mita 1 au zaidi kutoka kwenye tezo. Vibanzi vya mpingo huruka mbali na ni vigumu. Lenzi ikipigwa na kimoja, umeumia. Chagua ubora wa 1080, picha 30 kwa sekunde. Dakika 1 hula takriban megabaiti 60 hadi 130 kutegemea simu, kwa hiyo rekodi vipande vifupi. Ukiiacha simu irekodi saa nzima, hifadhi itajaa na hutakuwa na moyo wa kuipitia.

Sauti iache kama ilivyo. Mpingo una uzito wa karibu kilo 1,200 kwa mita ya ujazo wakati maji ni 1,000. Ndiyo maana kile kipande kilizama, na ndiyo maana tezo ikiugonga hulia kama chuma. Huo mlio ni sehemu ya kazi yako. Kuufunika kwa wimbo unaotamba ni kuutupa, na wimbo wenyewe unatumiwa na maelfu wengine siku hiyohiyo. Kinachoharibu sauti huku ni upepo wa bahari. Geuza chini ya simu, ulipo mdomo wa maikrofoni, upande usiopigwa na upepo, au ufunike kwa kipande chembamba cha sponji.

Kata kila kitu kinachotangulia tendo. Salamu, nembo, jina linalozunguka, vyote vinamfukuza mtu. Sekunde ya kwanza chuma kiwe tayari kwenye mti. Adam Mosseri, mkuu wa Instagram, alieleza Januari 2025 kwamba mambo yanayopewa uzito mkubwa ni muda ambao watu wanatazama, laiki, na mara ngapi video inatumwa kwa mtu mwingine. Kutumwa ndiko kunakoleta sura mpya. Watu walitumiana ile ndoo kwa sababu ilijibu swali la kila mnunuzi: nitajuaje kama nimeuziwa mpingo wa kweli?

Video tatu kwa wiki zinatosha. Hashitegi usizidishe tano, eneo weka Mtwara au Lindi, komenti za saa ya kwanza zijibu zote. Zaidi ya hapo rudi kwenye tezo.

## Yasiyopaswa kuonyeshwa

Hapa mimi mwenyewe nilisita kuandika.

Mtu akisikia "onyesha kazi inavyofanyika", wazo la kwanza huku kwetu litakuwa mapiko, vinyago vya kuvaa vya Wamakonde (kimoja huitwa lipiko). Na ni kweli, video ya lipiko likichongwa, likiwekwa nywele na chale za nta, ingewavuta watu kuliko kinyago chochote cha dukani. Lakini lipiko lina wenyewe. Ni la jando na unyago. Maandalizi yake na mtu aliye ndani yake ni mambo ambayo wasioingizwa hawakupaswa kuyajua, na wapo wazee wanaoshikilia hivyo hadi leo.

Wengine watasema mapiko yamekwisha kuwekwa makumbusho na kuchezwa kwenye matamasha, siri imebaki wapi? Siipuuzi hoja hiyo. Tofauti ninayoiona ni kati ya ngoma iliyoletwa uwanjani na wenyewe, kila mtu akaribishwe, na maandalizi yaliyofungiwa nyuma ya nyumba. Ya kwanza rekodi kwa ruhusa. Ya pili uliza, na ukiambiwa hapana, funga simu. Msanii anayeishi Newala au Tandahimba atahitaji gogo, ushauri na heshima ya wazee hao miaka mingi baada ya video kusahaulika.

Watoto walio jandoni au unyagoni wasirekodiwe kabisa, hata kwa mbali, hata nyuso zikifichwa. Hilo halina mjadala.

## Wakiniiga je?

Wachongaji wengi huogopa hili, na wana sababu. Ukionyesha hatua zote, kijana mwenye tezo mahali pengine atachonga kama wewe.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inakilinda kinyago chako kama kazi ya sanaa tangu unapokichonga. Mtindo haiulindi. Shetani, ujamaa na binadamu ni mitindo ya kuchonga ya wengi na hakuna awezaye kuifungia kabatini. Kwa hiyo atakayejifunza namna yako ya kushika patasi hajakuibia. Aliyechukua picha yako na kuuzia nayo, huyo amekuibia, na dhidi yake video za hatua kwa hatua ni silaha nzuri mno. Ukilalamika kwa mtandao husika, au ukienda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, unaweka mezani gogo, tarehe na mikono yako. Yeye ana picha moja iliyokatwa.

Hifadhi vipande ghafi kwenye memori kadi, visivyohaririwa. Jina lako usiliweke pembeni mwa picha, maana kona hukatwa. Liweke katikati, karibu na mkono au kwenye gunia la nyuma. Na jina pamoja na mwaka yachongwe chini ya kinyago, kisha kitendo hicho cha kuchonga jina nacho kirekodiwe.

## Andika bei

"Bei njoo dm" imewapotezea wachongaji wateja wengi. Aliyeko Masasi anadhani ni ghali, haji kuuliza. Aliyeko nje ya nchi anadhani utampangia bei kwa kuitazama sura yake. Andika bei, kimo, uzito, siku zinazohitajika, na kama nauli ya mzigo imo au haimo. Watakaokuja kuuliza watakuwa wachache, na wengi wao watakuwa wameshaamua.

Hili lina ugumu wake: madalali huona bei na kuja kukubana. Bado nadhani ni afadhali hivyo. Dalali anaijua bei yako hata usipoiandika.

Kuhusu kununua wafuasi, niseme kwa ufupi. Akaunti za kununuliwa hazitazami chochote. Video mpya ikionyeshwa kwanza kwa sehemu ya wafuasi na sehemu hiyo ikawa imekufa, mtandao unaona kazi haina mvuto na unaacha kuipeleka mbele. Umelipa hela ujifunge mwenyewe.

## Mzigo unavyoondoka

Wafuasi wakianza kuwa wateja, matatizo hubadilika. Hayahusu simu tena.

La kwanza ni mti kupasuka. Mpingo uliokaa kwenye unyevunyevu wa pwani ukihamia ghafla kwenye chumba chenye kiyoyozi, au nyumba ya Ulaya inayopashwa joto wakati wa baridi, hukauka kwa kasi upande wa nje kuliko wa ndani, na ufa hufunguka. Ukikata gogo, paka nta kwenye vichwa vyake viwili, kwa sababu maji hutoka haraka zaidi hapo, kisha lilaze kivulini lisiguse ardhi. Mwambie mteja asikiweke karibu na jua la dirishani wala kipasha joto. Irekodi hatua hiyo ya nta. Komenti moja ya mteja mwenye kinyago kilichopasuka husomwa na kila anayefikiria kununua.

La pili ni karatasi. Jenasi nzima ya mti huu, Dalbergia, imo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu Januari 2017. Tangu Novemba 2019, bidhaa zilizokamilika zenye uzito wa mti usiozidi kilo 10 kwa mzigo mmoja zimeondolewa kwenye sharti la kibali cha CITES. Kinyago cha mezani kinaingia humo. Gogo ghafi haliingii hata liwe dogo. Hata hivyo nenda ofisi ya wilaya ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, ukaulize kabla ya kutuma, na utunze stakabadhi ya gogo ulilonunua. Wafuasi wa nje huuliza kama mti umevunwa kihalali. Vijiji vya Kikole na Kisangi, Kilwa, misitu yao ilipata mwaka 2009 cheti cha FSC, cha kuthibitisha kwamba msitu unasimamiwa vizuri. Kama gogo lako limetoka kwenye msitu wa kijiji unaosimamiwa namna hiyo, liseme kwenye ile video ya kwanza. Mti unaoweza kuchukua miaka 70 hadi 100 kabla ya kuvunwa unastahili kutajwa ulikotoka.

La tatu ni barabara. Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, mvua zilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara maeneo ya Kilwa, na mizigo ikakwama. Masika ikiwa imeshika, usiahidi tarehe, ahidi wiki. Kinachotakiwa kufika Ulaya kabla ya Krismasi kiondoke Mtwara Oktoba. Mteja wa hapa kwetu ana majira yake: minada ya korosho huanza Oktoba, na malipo yakishaingia mtu wa Newala hununua mlango wa nakshi ambao mwezi Machi aliutazama tu. Gogo la kuanza Julai ndilo litakalokuwa tayari wakati huo.

## Daftari

Ukurasa ni wa kampuni, na unaweza kufungwa kesho. Washa uthibitisho wa hatua mbili. Laini iliyofungua akaunti iwe imesajiliwa kwa jina lako, kwa alama zako za vidole, si ya binamu. Na usiache kuitumia, kwa sababu laini iliyotelekezwa hugawiwa mtu mwingine pamoja na njia ya kuingilia akaunti yako.

Kila aliyeuliza bei, hata asiponunua, mhamishie WhatsApp. Orodha ya matangazo (broadcast) huchukua watu 256, na ujumbe humfikia yule tu aliyeihifadhi namba yako, kwa hiyo mwombe aihifadhi hapohapo mnapozungumza. Kila gogo jipya likianza, tuma ile video ya kwanza kwao kabla ya kuiweka hadharani. Mara nyingi mnunuzi hupatikana kinyago kikiwa bado hakina uso.

Kisha ziandike namba hizo kwenye daftari la karatasi: jina, mji, kazi aliyoipenda, bei aliyoitaja. Mei hiyohiyo ya 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika na intaneti ikawa shida nchi nzima. Wakati huo mteja wa Nachingwea mwenye namba daftarini anapigiwa simu ya kawaida, anaambiwa mlango wake umefikia msasa wa 240, na anaulizwa atautuma nani kuuchukua stendi.